Mbwa wa Pili Si wa Bure: Panga Bei Kabla ya Kukubali Kundi

Kama wewe huchunga mbwa wa watu wakisafiri, hii sentensi unaijua: "Ni mbwa watatu, lakini wamezoeana. Ni kama mmoja tu." Mimi niliisikia mwezi wa Desemba, nikaiamini, na ikanilia Krismasi nzima. Anayeisema mara nyingi hana nia mbaya. Shida ni sisi tunaofanya kazi hii. Tunaikubali, tunataja bei ya kuionea haya, halafu tunanung'unika tukirudi nyumbani.

Ukipita Lavington, Kileleshwa au Runda wiki ile ya mwisho kabla ya Krismasi, utaona magari yakipakiwa. Wengine wanaenda ushago, wengine Pwani. Nyumba inabaki na soja. Lakini soja ana geti la kuangalia, na si kila soja anapatana na mbwa. Hapo ndipo simu yako inalia. Ni kazi nzuri, haihitaji duka wala mtaji mkubwa, na kijana mwenye moyo wa wanyama anaweza kulipia karo au kodi kwayo. Ndiyo maana inaniuma nikiona watu wanaiacha baada ya msimu mmoja wakisema "haina pesa". Pesa iko. Inapotelea kwenye mbwa wa pili na wa tatu.

Hesabu ya Desemba yangu

Wakati huo nilikuwa naishi Kangemi, na mteja alikuwa Lavington. Mbwa walikuwa watatu: German Shepherd jike, kijibwa kizee chenye miguu mifupi, na mtoto wa mbwa wa miezi mitano. Kazi ilikuwa kwenda asubuhi na jioni, kuwalisha, kuwatembeza, kusafisha na kumtumia mwenyewe picha. Siku 12.

Bei yangu ya mbwa mmoja ilikuwa shilingi 500 kwa siku. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Nipunguzie bwana, hao wengine utawawekea chakula tu na umemaliza." Nikasema sawa Mama, kila wa ziada 150. Jumla 800 kwa siku. Kwa siku 12 ni 9,600. Nilipoandika hiyo namba kwenye simu nilifurahi sana, maana ilionekana kubwa.

Sasa tutoe gharama. Bodaboda ilikuwa 100 kwenda na 100 kurudi, mara mbili kwa siku. Hiyo ni 400 kwa siku, yaani 4,800 kwa siku zote. Nimebaki na 4,800.

Muda je? Mbwa mmoja nilikuwa namaliza kwa saa moja. Nilidhani watatu watanichukua saa moja na dakika kumi. Siku ya kwanza nikagundua kwamba German Shepherd akimaliza chakula chake anahamia kwenye bakuli la mzee, kwa hivyo lazima nimfungie upande mwingine nisubiri. Mtoto wa mbwa naye anavuta kamba kushoto, mkubwa anavuta kulia, na mzee amekaa chini katikati ya barabara. Nikaanza kuwatoa mmoja mmoja. Kila ziara ikawa saa mbili na robo. Hiyo ni saa nne na nusu kwa siku, saa 54 kwa siku 12.

Gawanya 4,800 kwa 54. Ni kama shilingi 89 kwa saa.

Halafu siku ya tisa mzee na yule mkubwa wakapigania mfupa. Sikio la mzee likapasuka. Daktari wa mifugo akamshona na kumpa dawa, 3,500, na nikalipa mimi. Hatukuwa tumekubaliana chochote kuhusu daktari, na niliona haya kuomba, maana wakati huo wako mikononi mwangu. Nikamwambia mwenyewe kwamba wamekosana kidogo na nimeshampeleka kwa daktari. Akasema pole na asante. Pesa hakuna aliyeitaja.

Nikabaki na 1,300 kwa saa 54. Shilingi 24 kwa saa. Hiyo ni mandazi mbili za kioski na chenji ya shilingi nne. Na wakati huohuo nilikuwa nimekataa mteja mwingine mwenye mbwa mmoja kwa sababu sikuwa na nafasi.

Bei ni tatu, si moja

Kosa langu halikuwa kutoza 500 badala ya 700. Kosa lilikuwa kudhani kwamba bei ni kitu kimoja ambacho unakiongeza kidogo kidogo kadiri mbwa wanavyoongezeka. Mimi sasa naamini kila kazi ya mbwa wengi ina bei tatu ndani yake, na ukizichanganya utaumia.

Ya kwanza naiita bei ya geti. Hii ni gharama ya wewe kufika tu: nauli, muda wa barabarani, kufungua, kukagua kama nyumba iko sawa, kuandika ripoti. Haijalishi kama ndani kuna mbwa mmoja au watano. Utailipia ileile.

Ya pili ni bei ya kichwa. Kila mbwa ana bakuli lake, maji yake, kinyesi chake cha kuokota, matembezi yake, na dawa zake kama anazo. Hii inaongezeka kwa kila mbwa, na haina sababu ya kupungua. Mbwa wa tatu haendi haja nusu kwa sababu ni wa tatu.

Ya tatu ndiyo watu wengi hawaioni: bei ya kundi. Mbwa wawili wana uhusiano mmoja wa kuangalia, A na B. Mbwa watatu wana mahusiano matatu: A na B, B na C, A na C. Wanne wana sita. Watano wana kumi. Ona vile namba inavyoruka. Kutoka mbwa wawili hadi wanne umeongeza mbwa mara mbili, lakini nafasi za kugombana zimeongezeka mara sita. Na mbwa wanaoishi kwa amani mwenye nyumba akiwepo wanaweza kubadilika akiondoka, kwa sababu aliyekuwa akiwatuliza hayupo, na wewe ni mgeni.

Kwa hivyo ule mtindo wa kupunguza zaidi kadiri mbwa wanavyozidi, naupinga kabisa. Unamtuza mteja kwa kukuongezea hatari.

Mfano na namba

Hizi ni namba zangu. Zako zitategemea unakoishi, nauli yako na aina ya wateja wako. Chukua njia, usichukue bei.

Bei ya geti kwa siku yenye ziara mbili: 600. Hapo 400 ni bodaboda na 200 ni muda wangu wa njiani.

Bei ya kichwa: 300 kwa kila mbwa kwa siku.

Bei ya kundi: 100 kwa siku kwa kila jozi ya mbwa ambao hawawezi kula pamoja au kutembea pamoja. Wakipatana kwa yote mawili, sitozi kitu.

Mbwa mmoja atakuwa 900. Wawili wanaopatana, 1,200. Watatu wanaopatana, 1,500.

Sasa angalia vizuri. Mwenye mbwa mmoja analipa 900 kwa mbwa. Mwenye watatu analipa 500 kwa mbwa. Punguzo tayari limo! Limetoka mahali pa haki, yaani kwenye geti, kwa sababu safari ni moja. Mteja akikuambia "si unipunguzie, ni watatu", unaweza kumjibu bila wasiwasi kwamba umeshampunguzia, na ukamwonyesha ni wapi. Ukipunguza tena kwenye kichwa, unakata mshahara wako mwenyewe.

Ile kazi yangu ya Desemba ilikuwa na jozi mbili ngumu: mkubwa na mzee hawali pamoja, mkubwa na mtoto hawatembei pamoja. Kwa hivyo 1,500 na 200 ni 1,700 kwa siku. Kwa siku 12 ni 20,400. Toa bodaboda 4,800, inabaki 15,600. Gawanya kwa saa 54 na unapata karibu 289 kwa saa. Ni mbwa walewale na jasho lilelile.

"Lakini soko halitakubali"

Hili ndilo jibu ninalopewa na wenzangu kila mara. Wanasema ukitaja 1,700 mteja atatafuta mwingine atakayefanya kwa 800. Ni kweli wengine wataenda. Waache. Yule wa 800 atafanya msimu mmoja kama mimi, halafu atachoka au ataanza kuruka ziara za jioni. Mteja naye ataumia, na atakukumbuka.

Pia lazima nikubali kitu. Kuna kundi ambalo kweli ni rahisi kuliko mbwa mmoja. Ndugu wawili waliokua pamoja wanacheza wenyewe, wanalala pamoja, hawalii usiku. Mbwa mmoja mpweke anaweza kubweka mpaka majirani wapige simu na kutafuna mlango. Mimi hao ndugu siwatozi bei ya kundi. Lakini sikubali hilo kwa maneno. Naenda kuwaona kabla ya safari, nawalisha mbele ya mwenye nyumba, nawatembeza mara moja. Nusu saa hiyo inanieleza ukweli kuliko simu kumi.

Na mteja akiwa hana pesa kweli? Punguza kazi, usipunguze bei. Mwambie: kwa 1,700 napata nafasi ya kuja mara mbili na kumtembeza kila mmoja. Bajeti yako ikiwa chini, tunaweza kuacha matembezi ya jioni, wacheze uani tu nikiwaangalia. Au mmoja akae na shangazi yako. Hapo mteja anachagua, na wewe hujafanya kazi ya bure. Ukipunguza bei na kuacha kazi ileile, umemfundisha kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha.

Wakija kwako ni hesabu nyingine

Kuna wanaopokea mbwa nyumbani kwao. Hapo bei ya geti inabadilika. Nauli inaisha, lakini inaingia sehemu yako ya kodi, majirani, landilodi, na usingizi wako. Kama unaishi ploti yenye ua mmoja, uliza kwanza kabla hujapokea pesa ya mtu.

Maoni yangu makali zaidi yako hapa: usichanganye mbwa wa nyumba tofauti ili kujaza nafasi, isipokuwa una mahali pa kuwatenga. Wa nyumba moja angalau wanajuana. Wageni wanne wana zile jozi sita zote mpya. Jike aliye kwenye joto usimpokee pamoja na madume hata ukilipwa mara mbili, kwa sababu mimba hairudishwi.

Na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe sharti, si ombi. Kenya ina mpango wa kitaifa ulioanza 2014 wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake. Kama mbwa hana kadi, mwache mwenyewe ampeleke achanjwe kwanza. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa anaonekana mzima. Huo ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Hakuna bei ya siku inayolipia hilo.

Pesa ipite wapi

Bei nzuri iliyosemwa kwa mdomo bado inaweza kukuponyoka. Haya ndiyo ninayofanya sasa.

Naandika bei zote tatu kwenye ujumbe mmoja kabla ya safari: geti, kichwa, kundi, idadi ya siku, jumla. Mteja anajibu "sawa". Huo ndio mkataba wetu.

Napokea nusu mapema ili kushika tarehe, hasa Desemba na Pasaka. Bila malipo ya awali, siku ni za yeyote anayelipa kwanza. Nusu iliyobaki inaingia siku wanayorudi, kabla sijarudisha funguo.

Pesa ya kazi naipokea kwenye till, si kwenye namba ninayotumia kununua mboga. Nikitaka kujua kama mteja fulani ananilipa au ananimaliza, nafungua taarifa ya miamala ya mwezi na kuilinganisha na saa nilizoandika. Ilikuwa rahisi kuamini ile 9,600 kwa sababu ilichanganyika na pesa nyingine mpaka nikasahau bodaboda zilivyoimaliza.

Daktari ana mstari wake. Tunakubaliana kiwango, tuseme 5,000, ambacho naweza kuidhinisha bila kumpata kwenye simu. Mwenye mbwa ndiye anayelipa, na ikiwezekana anatuma moja kwa moja kwa daktari. Ikizidi hapo, namtafuta mpaka nimpate. Mfuko wangu hauingii.

Na tahadhari moja. Kuna walaghai wanaojifanya wana mbwa wengi. Anakuambia ana mbwa watano, anakutumia ujumbe unaofanana na wa malipo, halafu anapiga haraka: "Nimetuma zaidi kwa bahati mbaya, nirudishie elfu nne." Usirudishe kitu kwa sababu ya ujumbe au picha ya skrini. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Kama kweli pesa imeingia kimakosa, mwambie aombe irudishwe kupitia huduma kwa wateja wa kampuni iliyotuma. PIN yako usimpe mtu, hata akisema anapiga kutoka huko.

Simu ya Machi

Mwezi wa Machi yule Mama wa Lavington akanipigia. Walikuwa wanaenda ushago kwa Pasaka, siku nne. Nikavuta pumzi nikamwambia bei mpya imefika 1,700 kwa siku. Akanyamaza. Halafu akasema, "Si ilikuwa mia nane?"

Nikamweleza yote: mabakuli, kamba tatu, saa nne na nusu, na lile sikio. Nilipofika kwa daktari na 3,500 akanikatiza. "Sasa mbona hukuniambia? Mimi nilidhani ni kitu ya mia mbili."

Hilo lilinikaa. Miezi mitatu nilikuwa nimembebea kinyongo mtu ambaye hakujua anachodaiwa. Hakunidhulumu. Mimi ndiye niliyetaja 800, mimi ndiye niliyenyamaza, halafu nikamhesabia yeye kosa.

Akaniambia nimwandikie. Nikamwandikia. Jioni akajibu kwamba mzee watamchukua kwenye gari, maana nyanya yao anampenda, na mimi nibaki na wawili. Geti 600, vichwa viwili 600, jozi moja ngumu 100. Jumla 1,300 kwa siku, 5,200 kwa siku nne. Akatuma 2,600 usiku huohuo, na juu yake 3,500 za lile sikio, akisema nisikatae.

Kwa hivyo kabla hujajibu mteja wako wa likizo ijayo, chukua karatasi. Andika nauli yako, andika saa zako za kweli, hesabu mbwa, halafu hesabu jozi. Ukishapata jumla, itaje yote mara moja, na umwonyeshe imetoka wapi.